Aprikoti Zisizo na Namba

Nyumba yetu ina orofa mbili. Chini tunaishi mimi na mama yangu, Bibi Watfa. Juu anaishi kaka yangu Mutasim, mkewe Hanadi na binti yao Taleen. Madirisha ya majiko yetu yanatazamana uani. Wifi yangu akipiga chafya juu, mimi humwombea rehema huku chini. Akigombana na mumewe, nasikia pia, lakini hapo sisemi kitu mpaka kesho yake.

Taleen ana miaka minane na ana pumu. Alianza nayo akiwa mdogo. Inhela yake ya kuvutia dawa hukaa ndani ya mfuko wa shule, karibu na kalamu. Pumu hiyo haikuwa ya kututisha sana. Ilikuja na vumbi, akavuta dawa, ikaondoka.

Ramadhani ile Taleen alikuwa anajifunza kufunga. Daktari wake alikubali, mradi ale akichoka na asiache dawa. Kwetu hapa Salt, mji wa Jordan, watoto hufunga ngazi za mnara. Leo anapanda ngazi chache, yaani anafunga saa chache. Kesho anapanda zaidi, mpaka afike juu magharibi. Taleen alikuwa amefika adhuhuri, na alijisifu mtaa mzima.

Jioni bibi yake alimtuza kwa kumpa kikombe cha kwanza cha maji ya aprikoti. Mama yangu huloweka aprikoti kavu tangu asubuhi. Huzisaga, akatia sukari na matone ya maji ya maua ya mchungwa. Bila kinywaji hicho mezani, yeye haoni kama Ramadhani imeingia.

Basi, mwanzoni mwa mwezi, Hanadi alinipigia kelele dirishani.

"Wifi! Ibtihal! Panda juu haraka!"

Nilipanda nikidhani mtu ameanguka. Nikamkuta amesimama katikati ya jiko, simu mkononi. Makabati yote yalikuwa wazi.

"Sikiliza," alisema.

Akabonyeza simu. Sauti ya mwanamke nisiyemjua ikatoka, nzito, yenye huzuni. "Dada zangu, ondoeni majumbani mwenu kila kitu chenye herufi E na namba. Ni sumu. Inaleta saratani, inaleta pumu kwa watoto. Watu wakubwa wanajua na wananyamaza. Sambaza upate thawabu."

"Huyu ni nani?" niliuliza.

"Sijui. Imetumwa kwenye kundi la akina mama wa shule. Kila mtu ameituma."

"Kila mtu ameituma, na hakuna anayemjua?"

"Wewe unacheka. Umesikia alivyosema? Pumu kwa watoto!"

Hapo niliacha kucheka. Hanadi si mtu wa kudanganywa kirahisi. Sokoni hununua nyanya kwa kugeuza moja moja. Lakini neno pumu lilikuwa limemwingia.

Alianza kusoma pakiti. Jibini lilikuwa na namba. Biskuti zilikuwa na namba. Supu ya pakiti, achari, maji ya matunda, hata mkate wa dukani. Kila alichogeuza kilikuwa nazo, kwa maandishi madogo mgongoni. Alitoa aprikoti za kusagwa, zile zinazouzwa zimekandamizwa bapa na kufungwa kwa plastiki ya njano. Nazo zilikuwa na namba: 202. Zikaenda kwenye mfuko wa taka pamoja na vile vingine.

"Lakini hapo hakuna E," nilisema. "Ni namba tupu."

Alisita. Akatazama pakiti, akanitazama mimi.

"E imefichwa," alisema. "Hiyo ni mbaya zaidi."

Mutasim aliporudi kazini alifungua jokofu, akasimama pale kwa muda mrefu.

"Jibini langu liko wapi?"

"Lina namba," alisema Hanadi.

"Na zile biskuti?"

"Zina namba tatu."

"Na mimi je? Maana naona zamu yangu inakuja."

"Wewe una namba ya kitambulisho. Ondoka hapo."

Mama yangu alikuwa ameketi mlangoni na tasbihi yake. Alifurahi. "Nimesema miaka yote," alisema. "Vya pakiti si chakula. Enzi zetu chakula hakikuwa na namba. Nendeni kwa Baba Shaher mkanunue vitu vya kwetu."

Baba Shaher ana duka la viungo katika soko la zamani. Kila kitu kiko kwenye magunia yaliyofunguliwa midomo. Unaona, unanusa, unaonja kama si mchana wa Ramadhani. Hakuna pakiti wala maandishi.

Nilikwenda na Hanadi. Alizunguka dukani kama mtu aliyetoka jela.

"Hizi aprikoti zina nini ndani?" aliuliza.

"Zina aprikoti," alisema Baba Shaher.

"Hakuna kemikali?"

Mzee akaweka mkono kifuani. "Binti yangu, mimi nikuuzie kemikali? Hizi ni za shamba la binamu yangu. Zimekaushwa kama babu yetu alivyokausha. Itazame rangi hiyo. Kuna kiwanda kinachoweza kutoa rangi hiyo?"

Kweli zilikuwa nzuri. Zilikuwa za rangi ya chungwa, laini, zinang'aa. Pembeni kulikuwa na gunia dogo la aprikoti za kahawia, zimesinyaa, zina sura ya ngozi ya kiatu cha zamani.

"Na zile?" niliuliza.

"Zile ni za wagonjwa wa tumbo. Usizitazame."

Sote tulikubaliana naye. Kwetu aprikoti huchaguliwa kwa rangi. Iliyong'aa ndiyo safi, iliyofifia imezeeka. Mwanamke akimletea mgeni aprikoti za kahawia, mgeni huyo atasimulia nyumba tatu.

Jioni ile mama yangu aliimimina juisi kwenye vikombe kwa fahari. Rangi yake ilijaza macho. Adhana ilipoisha, Taleen alinyanyua kikombe chake akakimaliza kwa pumzi moja. Kisha akakohoa.

"Polepole, mpenzi," alisema bibi yake. "Hakuna anayekukimbiza."

Aliendelea kukohoa. Hanadi akaleta inhela. Ikapita, tukala.

Kesho yake alikohoa tena. Siku iliyofuata kifua chake kilipiga mluzi. Sasa kila mtu akawa daktari. Mutasim alisema ni vumbi la ujenzi wa jirani. Mama alisema ni paka. Mimi nilisema ni mapazia, yafuliwe. Tukafua mapazia, tukamfukuza paka wa watu, tukafunga madirisha upande wa ujenzi. Mluzi ukabaki palepale.

Hanadi alirudi kwenye makabati. Akatupa kila kilichosalia chenye namba hata moja. Akatupa haradali, akatupa vidonge vya vitamini. Jiko lake likawa tupu, lakini mtoto akawa anazidi.

"Sielewi," aliniambia, amekaa chini na mgongo kwenye jokofu. "Nimetoa kila kitu. Kila kitu, Ibtihal! Kadiri ninavyosafisha, ndivyo anavyozidi. Labda zimo kwenye maji ya bomba. Labda zimo kwenye sabuni. Nielekeze wewe, nitoe nini tena?"

Nilikaa chini karibu naye.

Ijumaa ile tulifuturu pamoja chini kwetu. Taleen alikuwa amevuka adhuhuri na kufika alasiri, kwa hiyo bibi yake alimjazia kikombe kikubwa. Alikunywa chote. Tulikuwa bado tunapitisha bakuli la supu alipoweka mikono juu ya meza na kuinua mabega. Alitaka kusema kitu akashindwa. Kila pumzi ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia.

Hanadi alimpa inhela. Akampa tena. Midomo ya mtoto ikaanza kubadilika rangi. Mutasim alimbeba mikononi, akatoka mbio bila viatu. Mama yangu alibaki mezani akiwa ameshika kile kikombe, anasema jina la Mungu tu.

Hospitali walimwekea mashine ya mvuke na oksijeni usoni. Sisi tulisimama nje ya pazia. Sijawahi kuogopa hivyo. Baada ya muda mabega yake yalishuka, na daktari, kijana mwenye macho yaliyochoka, akatoka.

"Ametulia," alisema. "Leo alikula nini?"

"Hakuna chenye namba, daktari," alisema Hanadi haraka. "Nakuapia. Nyumba yangu haina hata namba moja."

Daktari alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. "Namba gani?"

Hanadi akaeleza. Daktari akasikiliza mpaka mwisho, akajikuna shingo. "Mama Taleen, sijakuuliza namba. Nimeuliza chakula. Mchunguze anakula au anakunywa nini kabla tu ya kubanwa. Kisha mlete kwenye kliniki tumpime vizuri. Na dawa yake msiikatize."

Tulirudi nyumbani tumechanganyikiwa kuliko tulivyokwenda.

Kesho yake alasiri, Janset alikuja kumjulia hali mtoto. Janset ni jirani anayeishi juu ya ngazi za mtaa wetu, Mcherkesi, wa jamii iliyohamia kwetu kutoka Kaukazi, mama wa watoto watatu. Hufanya kazi katika maabara ya kupima vyakula huko Amman, na huondoka alfajiri kila siku. Alikuta Hanadi akitia ndimu ya unga kwenye sufuria ya majani ya mzabibu yaliyojazwa wali. Alikuwa anatia kwa kijiko kikubwa.

"Nasikia umepiga vita namba," alisema Janset.

"Zote nimezitoa," alisema Hanadi.

"Na hiyo uliyoshika?"

"Hii? Hii ni ndimu ya unga. Mama yangu ameitumia maisha yake yote."

"Namba yake ni 330."

Kijiko kilibaki hewani. Mimi nilianza kucheka, nikajizuia.

"Usinitanie, Janset. Si siku yake."

"Sitanii. Ndimu ya unga ni 330. Manjano unayotia kwenye wali, rangi yake ni 100. Rangi ya viazisukari vyekundu ni 162. Vitamini C ni 300."

Hanadi aliketi. "Nimezitupa vitamini."

"Na kuna moja zaidi," alisema Janset. "Baadhi ya vyakula vya pakiti hutiwa hewa ndani ili visiharibike. Hewa nazo zina namba. Oksijeni ni 948."

"Oksijeni hii ya..."

"Hiyohiyo ya hospitali."

Hanadi alifunika uso kwa mikono. "Sasa ndiyo sielewi kabisa. Kama hata pumzi ina namba, sumu ni ipi?"

"Namba si alama ya sumu," alisema Janset. "Namba ni jina. Kila nchi ina lugha yake. Kitu kimoja huku kinaitwa hivi, kule kinaitwa vile. Kwa hiyo wataalamu wa nchi nyingi wakakubaliana kukipa namba, ili mtu yeyote akijue. Ulaya wanaitanguliza herufi E. Kwingine huandika namba peke yake. Hakuna aliyeficha kitu."

Nilimtazama Hanadi. Hakunitazama.

Janset alivuta kiti. "Na namba zimepangwa kwa kazi. Zinazoanzia mia moja nyingi ni rangi. Mia mbili ni vihifadhi, vinazuia ukungu na kuoza. Mia tatu vinazuia mafuta yasichache na matunda yasibadilike rangi, na humo mna vitu vichachu. Mia nne hufanya chakula kiwe kizito, au mafuta na maji yashikane. Mia sita huongeza ladha. Mia tisa mna vitamu na zile hewa. Si kila kimoja kinakaa sawasawa humo, lakini ukijua hivyo, hutapotea."

Mama yangu alikuwa amepanda polepole na kuketi mlangoni. "Na nani amesema si sumu?" aliuliza. "Waliotengeneza?"

"Swali zuri, Mama. Mwenye kiwanda anapeleka ushahidi. Wataalamu wengine, wasio wake, wanaukagua. Wanatafuta kiasi ambacho hakikudhuru wanyama waliopimwa, hata wakila kila siku. Kisha mara nyingi wanakigawa kwa mia. Sehemu hiyo moja ndogo ndiyo anayoruhusiwa binadamu. Baada ya hapo serikali inasema: kwenye jibini tieni mpaka hapa, kwenye achari mpaka hapa, kwenye chakula cha mtoto mchanga msitie kabisa. Na sisi maabara tunapima kama wamefuata."

"Na wakikosea?" mama hakumwachia.

"Wanarekebisha. Kuna rangi nyeupe, namba 171. Ulaya waliitumia miaka mingi, kisha wakaiondoa kwenye vyakula kwa sababu hawakuwa na uhakika tena. Nchi nyingine bado zinairuhusu."

"Kumbe hata wakubwa hawakubaliani!" alisema Hanadi.

"Si kila mara. Ndiyo maana kazi haiishi. Namba haisemi kitu ni salama milele. Inasema kitu kinajulikana, kimekaguliwa, na kina kikomo. Chenye namba naweza kukifuata na kukipima. Kinachonitia wasiwasi ni kile kilichomo ndani na hakuna aliyekuambia."

Kisha Janset akauliza kama daktari alivyouliza. "Taleen anabanwa baada ya kula nini?"

"Baada ya kufuturu," alisema Hanadi.

"Baada ya supu? Baada ya wali?"

Taleen mwenyewe alijibu kutoka chumbani, sauti imekwaruza. "Kabla ya supu."

Tukatazamana. Kabla ya supu kulikuwa na kitu kimoja tu. Mama yangu aliacha kuhesabu tasbihi.

"Hapana," alisema. "Aprikoti hazina kitu. Ni za Baba Shaher."

"Naomba nizione," alisema Janset.

Hanadi alileta mtungi. Janset alitoa moja, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza. Hakuonekana kufurahi.

"Mama," alimwambia mama yangu, "ukikata tofaa ukaliacha mezani, linakuwaje?"

"Linakuwa la kahawia."

"Aprikoti iliyokaa juani siku nyingi?"

Mama alivuta shingo akaitazama ile aprikoti mkononi mwa Janset.

"Aprikoti iliyokaushwa na jua peke yake huwa ya kahawia," alisema Janset. "Ili ibaki na rangi hii, wakulima huifungia ndani na kuichomea salfa, yale madini ya njano. Moshi wake unaingia kwenye tunda. Unazuia rangi isibadilike, na unazuia ukungu na wadudu. Kazi hiyo ina namba. Moshi wenyewe ni 220. Ndugu zake wanaendelea mpaka 228. Unaruhusiwa, kwa kipimo. Watu wengi hawaoni hata dalili. Lakini baadhi ya wenye pumu, ukiwafika unawabana kifua. Na ukiziloweka aprikoti hizi, moshi ule unaingia majini. Mtoto anakunywa huku anauvuta puani."

"Mbona sisi sote tumekunywa?" niliuliza. "Mbona hatukukohoa?"

"Kwa sababu huna pumu. Na hata wenye pumu si wote. Ndiyo maana sheria inataka iandikwe. Haiandikwi kwa ajili yako, Ibtihal. Inaandikwa kwa ajili yake."

Hanadi alisimama akaenda kwenye mfuko wa taka uliokuwa nyuma ya mlango, ule ambao Mutasim alikuwa ameahidi kuutoa tangu wiki iliyopita. Kwa mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa uvivu wa kaka yangu. Alitoa ile plastiki ya njano.

"Hizi zilikuwa na 202," alisema. "Taleen alizinywa mwaka jana wote."

Janset alisoma. "202 ni kihifadhi kingine kabisa, cha kuzuia ukungu. Na hapa hakuna 220 wala ndugu zake. Hizi hazikumfanya kitu?"

"Hazikumfanya kitu."

"Basi ulizozitupa zilimfaa. Ulizozileta..."

Mama yangu alikuwa amesimama. Alikwenda chumbani kwa Taleen, akamwinamia, akamshika kichwa kwa mikono miwili. Nilimsikia akilia. "Mimi ndiye niliyekujazia," alisema. "Mimi, kwa mkono wangu."

"Haikuwa tamu sana, Bibi," alisema Taleen, kumfariji. "Ilikuwa inawasha."

Yote hayo mtoto aliyajua, na hakuna aliyemuuliza.

Hanadi alitaka kwenda kwa Baba Shaher palepale, na hakuwa na nia ya salamu. Janset alimshika mkono. "Kwanza tupime," alisema. "Mimi nadhani, bado sijui." Akawaarifu wakaguzi wa chakula, nao wakaenda dukani, wakachukua aprikoti kutoka gunia lilelile. Jibu lilipokuja, tulikwenda sote watatu.

Baba Shaher alitupokea kwa hasira. "Mmeniletea wakaguzi! Mimi, niliyemuuzia bibi yenu viungo vya harusi!"

"Uliniambia hazina kemikali," alisema Hanadi. "Mwanangu alikuwa wa buluu midomoni, Baba Shaher. Wa buluu!"

Hasira ikamtoka mzee usoni, ukabaki mshangao mtupu.

"Mimi sikudanganya," alisema. "Tunachoma salfa, ndiyo. Kila mtu anachoma. Lakini salfa si kemikali! Inatoka ardhini, kama chumvi. Babu yangu alichoma."

"Babu yako alichoma kiasi gani?" aliuliza Janset.

"Kiasi cha... cha mkono. Mpaka rangi ikae."

"Na binamu yako mwaka huu?"

"Mvua ilichelewa kuisha. Matunda yalikuwa na maji. Akaongeza kidogo."

"Tumepima. Imepita kikomo, tena mbali. Hakuna mtu anayeweza kujua kiasi kwa mkono, Ami. Na hata kama kingekuwa sawa, mnunuzi lazima ajue kwamba imo. Anayesikia 'hakuna kitu' hana jinsi ya kujilinda."

Mzee alikaa juu ya gunia la dengu. "Mtoto yukoje?" aliuliza.

"Anapumua," alisema Hanadi.

"Alhamdulillahi." Alivuta kitambaa chake cha kichwa akapangusa uso. "Alhamdulillahi. Miaka yote nimewauzia watu. Nani wengine?"

Hakuna kati yetu aliyejua.

Magunia yale yaliondolewa, na mzee akapewa onyo la maandishi. Binamu yake alitakiwa apime salfa na kupeleka matunda maabara kabla ya kuuza. Kliniki nayo ilimpima Taleen, na daktari akathibitisha: moshi ule ndio uliokuwa unambana. Aepukane nao, avute dawa yake kama kawaida.

Jiko la Hanadi lilirudi na vitu. Jibini likarudi, haradali ikarudi, mume wake akapata biskuti. Sasa yeye husoma lebo tofauti. Kwanza hutafuta 220 mpaka 228, au neno salfaiti, kwa sababu viwanda vingine huandika jina na vingine namba. Akizikuta, hurudisha pakiti kwenye rafu bila kelele. Kitu kisicho na lebo anauliza kimefanywaje, na akijibiwa "ni cha asili" anauliza tena. Vitu vya rangi kali hanunui mara kwa mara, maana kikomo ni kikomo, na mtoto ni mdogo. Bado kuna namba asizozielewa. Hunipigia kelele dirishani nikamuulize Janset, na wakati mwingine Janset naye husema, "Hiyo ngoja nikaisome."

Aprikoti tunazotumia sasa ni za kahawia. Mama yangu huzitazama kila asubuhi kwa uchungu. "Sura ya msiba," husema, kisha huziloweka. Taleen hunywa kikombe chake. Tunamtazama sote bila kutaka ajue kwamba tunamtazama. Anaweka kikombe chini, anaomba supu.

Kabla ya Idi nilikwenda kwa Baba Shaher kununua lozi. Duka lilikuwa limejaa. Mwanamke mmoja nisiyemjua alikuwa mbele yangu, ameshika mfuko, anaonyesha aprikoti zinazong'aa. Zilikuwa mpya, zimepimwa, na juu ya gunia kulikuwa na kibao chenye neno salfaiti na namba 220. Mwanamke hakukitazama.

Baba Shaher alishika upawa lakini hakuchota. "Nyumbani kuna mwenye pumu?" aliuliza.

Mwanamke alicheka. "Unauza aprikoti au unaposa? Maswali gani haya?"

"Nijibu kwanza, dada yangu."

"Mwanangu anayo. Kwa nini?"

Mzee alirudisha upawa. Akamweleza kwa maneno machache, vibaya vibaya, akichanganya namba. Sikumsahihisha. Alichokisema kilitosha.

Mwanamke aliacha kucheka. Alizitazama aprikoti zile kwa muda, na mkono wake ukaufunga mfuko taratibu.

"Ramadhani iliyopita tulikuwa naye hospitali mara kwa mara," alisema. "Madaktari waliniuliza kuhusu mazulia, waliniuliza kuhusu paka. Hili hakuna aliyeniuliza."

Baba Shaher alichukua upawa mwingine, akaenda kwenye gunia la kahawia, akampimia.